Vijana tunaowalilia Stars ndio hao hao tunaowazomea klabuni

Tangu Taifa Stars, timu yetu ya taifa ya Tanzania, itolewe na Morocco kwenye AFCON (Kombe la Mataifa ya Afrika) pale Rabat tarehe 4 Januari 2026, kila kijiwe ninachopita wimbo ni mmoja tu, wazee wapumzike, tuanze upya na vijana, 2027 AFCON inakuja nyumbani. Ukiuliza vijana gani unatajiwa majina matatu fasta, likifika la nne mtu anaanza kukuna kichwa anabadilisha mada. Mimi siwapingi wanaotaka vijana, tena nawaelewa sana, ila nadhani ishu yenyewe tumeishika kwa mkiani. Timu ya taifa haitengenezi mchezaji, inamtumia tu kwa siku kumi halafu inamrudisha kwa mwenyewe. Kijana anatengenezwa klabuni, kwa mechi za kila wiki, na huko klabuni anayemzuia asicheze sio kocha peke yake wala kiongozi peke yake, ni sisi mashabiki, hawa hawa tunaomlilia Stars. Kabla hatujamtafuta wa kumfukuza timu ya taifa hebu tuangalie kwanza tunavyoishi na watoto wetu huku kwenye ligi.

Tuanze na hasira yenyewe maana ina sababu. Stars imecheza fainali za AFCON mara nne, 1980 kule Nigeria, 2019 Misri, 2023 Ivory Coast na hii ya 2025 Morocco. Ukizijumlisha ni mechi 13, tumefungwa 8, tumetoa sare 5, kushinda sifuri. Soma tena, sifuri. Mtu aliyezaliwa siku Stars inacheza mechi yake ya kwanza Lagos leo anaweza kuwa na wajukuu na hajawahi kuona timu yake ikishinda mechi moja ya fainali. Kombe la Dunia la 2026 nako kwenye kundi letu tumemaliza nyuma ya Morocco, hiyo sawa, lakini na nyuma ya Niger pia, na Niger hiyo tulishaipiga ugenini kwenye mechi ya kwanza kabisa. Kwa hiyo shabiki akisema amechoka usimwambie hana uzalendo, huyo kavumilia kuliko mke wa mvuvi.

Halafu kuna upande wa pili unaosema tumepiga hatua, kwa mara ya kwanza tumevuka makundi. Ni kweli tumevuka, na mimi nilipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. Ila tuambiane ukweli, tumevuka na pointi 2. Nigeria walitupiga 2-1, Uganda 1-1, Tunisia 1-1 kwa lile bao la Feisal Salum 'Fei', tukaingia kama mmoja wa washindwa bora, wale waliomaliza nafasi ya tatu kwenye makundi, na Angola alikuwa na pointi 2 kama sisi na tofauti ya mabao kama yetu, tukamzidi bao moja tu la kufunga. Zamani AFCON ilipokuwa ya timu 16 tungekuwa tumeshapanda ndege. Lakini hapo hapo, Morocco mwenye uwanja wake na mashabiki wake alihangaika na sisi zaidi ya saa nzima kabla Brahim Diaz hajafunga, na tuliisha 1-0. Timu inayocheza hivyo sio timu mbovu ya kubomoa. Ni timu inayokosa watu wawili watatu wa kuua mechi, na hao wawili watatu ndio nataka tujiulize wanapoteleaga wapi, maana kuzaliwa wanazaliwa.

Maana vijana sio kitu kipya kwetu, tumewahi kuwa nao na tumewahi kuwashangilia. 2005 Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, walifuzu AFCON ya U17 wakaenguliwa kwa ishu ya umri, aibu ile nadhani ndio ilifanya watu wasiamini tena timu za vijana kwa miaka mingi. 2017 wakaenda Gabon, wakatoa sare na Mali, wakampiga Angola 2-1, mechi ya mwisho na Niger sare tu ilitosha kuingia nusu fainali na Kombe la Dunia la U17, wakafungwa 1-0. Niger tena, hawa watu wana shida gani na sisi. 2019 tukaandaa wenyewe Dar, mechi ya kwanza uwanja wa Taifa tukafungwa 5-4 na Nigeria, mechi ambayo mpaka leo nikiikumbuka nasisimka, halafu Uganda akatupiga 3, Angola 4, tukatoka na pointi sifuri. Wadogo zao wa kike ndio wametuzidi wote, Serengeti Girls 2022 kule India waliwapiga Ufaransa 2-1 wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia, lakini hao ukiwataja kijiweni watu wanakuangalia kama umeleta habari za mchezo mwingine.

Sasa chukua kile kikosi cha 2017 utaona kila kitu. Nahodha wake alikuwa Dickson Job. Baada ya Gabon hakukimbilia Kariakoo kwa Simba na Yanga, alibaki Mtibwa Sugar, kule Turiani kwenye miwa, akacheza, akakosea, akacheza tena, Yanga wanamchukua Januari 2021 tayari ni beki aliyekomaa. Kipa wa kikosi kile kile yeye alisajiliwa Yanga moja kwa moja akiwa bado mtoto, na muda mwingi akawa nyuma ya makipa wakubwa. Sisemi Yanga walimuua wala sisemi Mtibwa ni wachawi wa soka. Ninachosema kipa wa miaka 18 asiyedaka mechi hata awe na mikono ya gundi hawezi kujua mechi inavyonuka dakika ya 88 mvua inanyesha na uwanja mzima unakutukana. Ukifuatilia na wengine wa Stars utaona njia ni hiyo hiyo, Mwamnyeto alikomalia Coastal Union, Bacca alitoka KMKM, Fei alitoka JKU Zanzibar, Novatus yeye ni zao la Azam lakini Azam wakampeleka kwa mkopo Biashara United kule Musoma akapige mechi, kisha Israel, kisha Ubelgiji, halafu siku moja tunamuona na jezi ya Shakhtar kwenye Ligi ya Mabingwa Ulaya. Musoma kwanza, Ulaya baadaye. Sio maajabu, ni dakika za kucheza.

Mtaani kwetu kuna dogo mmoja simtaji, alikuwa timu ya vijana ya klabu moja kubwa, mguu wa kushoto wa hatari. Alipofika miaka 19 akaambiwa umri wa timu ya vijana umeisha, timu kubwa hana nafasi, atafutiwe timu. Hakutafutiwa. Siku hizi asubuhi anaendesha bodaboda, jioni anacheza ndondo kwa elfu ishirini na nauli, njumu zake zimeshonwa na fundi viatu kwa uzi wa kiroba, ule wa bluu. Juzi nilimuona anapiga krosi na mguu ule ule wa kushoto nikasema aisee. Ana miaka 23. Kwa hesabu za mpira huo ndio umri wa kuwa Stars, na ukimuuliza anakwambia bro mi nishazeeka.

Hapo kati, tuseme miaka 17 mpaka 21, ndipo lilipo shimo. U17 tunawapata kwa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kwa vituo, kwa macho ya wazee wa mitaani wanaofundisha bure. Timu kubwa tunayo, inacheza. Katikati hakuna daraja, kuna ligi ya vijana ambayo shabiki wa kawaida hajui inaanza lini wala inaisha lini, na mashindano yenyewe yakiisha dogo anakaa miezi anacheza mazoezi tu. Hata Kelvin John, yule tuliyekuwa tunamuita Mbappe kwenye Serengeti Boys ya 2019, yeye alilivuka shimo kwa kuondoka, akaenda Genk na baadaye Aalborg ya Denmark. Samatta naye kwa njia yake ndio hivyo hivyo, Mbagala, African Lyon, Simba kidogo tu, 2011 akiwa na miaka 18 TP Mazembe wakamvusha Lubumbashi na huko ndiko alikokuwa mtu, akabeba Ligi ya Mabingwa Afrika 2015, Genk, mpaka Aston Villa 2020. Samatta tunayejivunia kamaliziwa kupikwa na Wakongo, tuwe na adabu ya kusema asante.

Wanaotetea wazee wana hoja nzuri na lazima isikilizwe. Wanasema Stars ya Morocco haikufungwa mabao mengi kwa sababu kulikuwa na watu wazima uwanjani, wanaojua lini ulale chini, lini upige mpira jukwaani, na ukiingiza watoto sita kwa mpigo mbele ya Nigeria utakula tano mwanao akawa na woga wa maisha. Penati dhidi ya Uganda aliipiga Msuva, na kwenye presha ile ungependa nani ashike mpira? Na wanaotaka vijana nao wana hoja, tena ya hesabu. Samatta kazaliwa Desemba 1992, Msuva 1993, AFCON ya 2027 ikifika mmoja ana 34 mwingine 33 na mechi zitakuwa kwetu, joto letu, mashabiki wanaotaka timu ikimbie. Huwezi kupanga mashindano ya nyumbani kwa kumtegemea mtu ambaye goti lake linahitaji kuombwa ruhusa. Hoja zote mbili naziona zina uzito, na dawa yake ni ya kawaida tu, mchanganyiko, wazee wawili watatu ndani na wengine wawe wamepishana umri. Lakini mchanganyiko unahitaji vijana waliokwisha kucheza mechi, sio vijana wa kwenye video za dakika moja.

Hoja ninayoiona dhaifu kuliko zote, na ndio inayopigiwa makofi zaidi, ni ile ya kusema wageni ndio wanaoua soka letu, punguzeni wageni vijana watapata namba. Msimu wa 2024/25 klabu iliruhusiwa wageni 12 na kweli ni wengi, sikatai. Ila jiulize, kati ya 1980 na 2019 Stars haikufuzu AFCON hata mara moja, miaka 39, na sehemu kubwa ya miaka hiyo ligi yetu ilikuwa ya wazawa karibu watupu, mgeni alikuwa akitua uwanja wa ndege anapokelewa kama mfalme. Kama tatizo lingekuwa wageni basi miaka ile tungekuwa tunabeba makombe. Tumefuzu mara tatu kati ya nne zilizopita, na zote tatu ni kipindi hiki cha wageni kibao, kwa sababu beki anayekabana mazoezini kila siku na straika wa maana anakuwa beki wa maana. Straika Clement Mzize kakulia Yanga katikati ya mafowadi wageni, msimu wa 2024/25 kafunga mabao 14 kwenye ligi na bao lake dhidi ya TP Mazembe likachukua tuzo ya bao bora ya CAF. Hakupewa namba kwa huruma, alinyang'anya. Nitakubali kwenye sehemu moja tu, golini. Msimu huo huo Yanga golini alikuwa Diarra wa Mali, Simba Camara wa Guinea, Azam Mustafa wa Sudan. Kipa hawezi kuingizwa dakika ya 70 akapate uzoefu, ni mmoja tu, kwa hiyo hapo wazawa wanaumia kweli na mamlaka zikitaka kuweka kanuni ya golini peke yake mimi sitapiga kelele. Ila kuifanya hiyo ndio sababu ya kila kitu ni kukwepa kioo.

Na kwenye kioo tupo sisi. Niko kwenye kibanda umiza, banda la kuangalia mpira, wiki chache baada ya ile mechi ya Morocco, mechi ya ligi, timu kubwa imebanwa sare na timu ya mkoani dakika ya 65. Jamaa pembeni yangu ndiye aliyekuwa anaongoza ile kampeni ya vijana Stars, kwenye grupu la mtaa kaandika ujumbe mrefu kama hotuba ya bajeti. Kocha anaita dogo wa miaka 19 aingie. Jamaa kasimama, kikombe cha kahawa mkononi, "we kocha una wazimu, tunatafuta goli unatuletea mtoto!" Dogo mpira wa kwanza kaupoteza, banda zima likacheka. Wa pili kautoa nyuma kwa beki, hakuthubutu kugeuka tena mpaka mpira unaisha. Mimi pia nilicheka, nisijitoe. Sasa zidisha banda hilo kwa mabanda yote ya nchi hii, ongeza uwanja wa Mkapa ukiwa umejaa, ongeza simu za viongozi zinazoita usiku baada ya sare moja tu, kisha niambie kocha gani mwenye akili na mkataba wa mwaka mmoja atamvumilia dogo mechi kumi ili akomae. Kocha akitoa sare mbili anapandishwa ndege, anajua hilo, kwa hiyo anaagiza aliyeiva tayari kutoka Abidjan au Lusaka. Tunapomlaumu anasajili wageni tunasahau order tumeitoa sisi.

Kuna watu watasema shabiki kazi yake ni kushangilia na kutukana, hiyo ndio raha ya mpira na tiketi kanunua kwa hela yake. Kweli. Sitaki mashabiki wa kanisani. Lakini huwezi kula vyote, Jumamosi unadai pointi tatu kwa gharama yoyote halafu mwezi wa sita unadai timu ya taifa ya watoto waliokomaa. Waliofanikiwa na vijana walikubali kulipa kwa muda. Senegal wana Génération Foot na Diambars tangu miaka ya 2000 mwanzoni, huko ndiko walikotoka Mané na Gana Gueye, na AFCON yao ya kwanza wameibeba 2021, yaani miaka kama 20. Morocco wenyewe waliotutoa walijenga ile akademi ya Mohammed VI karibu na Salé mwishoni mwa miaka ya 2000, En-Nesyri, Aguerd na Ounahi wametokea pale, nusu fainali ya Kombe la Dunia ikaja 2022, na 2025 vijana wao wa U20 wakabeba Kombe la Dunia kule Chile kwa kumpiga Argentina 2-0. Hawakuamka siku moja wakasema wazee nje.

Kwa hiyo ukiifuata hesabu hii mpaka mwisho inatoa majibu ambayo kijiweni hayapendwi. La kwanza, timu ya 2027 haiwezi kuwa ya watoto wapya, imeshachelewa. Itakuwa ya Novatus, Kelvin John, Mzize, Job na Bacca, watu wenye miaka 23 mpaka 29 ambao tayari wana mechi, pamoja na waliokulia nje kama M'Mombwa aliyewafunga Nigeria, na Samatta au Msuva mmoja wa kuingia mwishoni kama mwili utaruhusu. Dogo wa miaka 17 tunayemuimba leo zamu yake ni miaka ya 2030 huko, tukimpanga 2027 tutamuunguza tu kwa ajili ya likes. La pili, klabu za kuangaliwa sio Simba na Yanga, ni Mtibwa, Coastal, JKT, Kagera, timu za Zanzibar na za daraja la chini, huko ndiko dakika zilipo. Mtibwa ile iliyomkomaza Job ilishuka daraja msimu wa 2023/24, kijiweni kwetu hakuna aliyeliongelea kama msiba wa Stars, tukabaki kubishana nani kamsajili nani. Imerudi, sawa, ila timu kama ile ikikaa chini miaka mitano tunapoteza kizazi kizima cha mabeki. La tatu ni mkopo, na mkopo wa kweli, wenye kipengele cha mechi ngapi acheze, sio ule wa kumtoa dogo apishe jina kwenye orodha ya usajili. Kanuni ya kulazimisha kila timu ianze na kijana mmoja mimi siiamini sana, kocha atamuanzisha, dakika ya 15 ataonyesha kibao, kanuni imetimia na dogo kaaibika mbele ya mama yake.

Ndio maana siku hizi dirisha la usajili likifunguliwa picha za utambulisho wa mastaa na moshi wa rangi nazipita tu. Natafuta ile orodha fupi ya mwisho ambayo hakuna anayeiposti kwa mbwembwe, ya waliotolewa kwa mkopo, naangalia ana miaka mingapi, kapelekwa timu gani, na baada ya raundi kumi narudi kuhesabu amecheza mechi ngapi.